Kibano

Mama yake alikuwa mnyofoa vifundo, Covilhã, kiwanda cha sufu,
miaka thelathini na mmoja chini ya dirisha la kaskazini,
kitambaa kimelazwa kwenye meza ya mteremko,
kidole cha shahada kikitangulia, kibano kikifuata.
Si kila kifundo, alimwambia bintiye.
Kiko kinachoishika nguo. Ukikichomoa hicho
umemvua mtu hadharani.

Deolinda Frazão kakirithi kibano, na macho pia.
Mchana hupima vifurushi, posta ya juu kilimani.
Usiku husoma washairi wa watu.
Vitabu humfikia kwenye bahasha za kaki,
vingine nakala hamsini tu, vimeshonwa kwa uzi wa viatu;
kimoja kilinuka dawa ya hospitali.
Mimi mpangaji wake, chumba cha chini, nasikia kupitia dari:
mara ya kwanza anasoma akitembea,
ya pili kwa sauti, supu ya kabichi ikipoa,
ya tatu kimya. Hapo hata kiti hakilii.

Alhamisi gazeti la wilaya humpa safu
katikati ya tanzia na bei ya viazi.
Maneno mia mbili sitini, na hakuna "mimi" hata moja.

Zamani aliandika juu ya kijana wa Fundão:
Huyu anajua kila kitu ila kunyamaza.
Mkahawani walicheka, wakaikariri kama methali.
Kijana akanyamaza.
Akanyamaza kweli, miaka minne,
mpaka Deolinda akapanda basi la alfajiri kumtafuta,
akamkuta juu ya ngazi, anachuma cheri.
Akaomba radhi, shingo kaikunja nyuma, jua machoni.
Naye, bila kushuka: "Ulisema kweli, mama.
Ila kweli yako haikubisha hodi."
Akamdondoshea konzi ya cheri kwenye sketi.
Doa lipo hadi leo. Nimeliona kwenye kamba ya kuanikia.

Wapo wasemao mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Yeye hamsifu mgema. Huonja,
kisha huutaja mnazi, urefu wake,
na mkwaruzo ulio gotini mwa mpandaji.
Ndivyo alivyomwandika Adérito, fundi wa lifti wa Setúbal:
mashairi kumi na saba, yote yamekwama
kati ya ghorofa ya tatu na ya nne,
na humo, gizani, majirani wawili
wanaulizana majina kwa mara ya kwanza.
Ubeti wa tisa una kifundo, alimalizia.
Nimekiona. Msikiguse.
Fundi akaikata safu ile, akaibandika ndani ya lifti,
juu ya tangazo la uzito unaoruhusiwa.

Yeye mwenyewe ana vitabu viwili.
Cha pili kilitoka mwaka wa theluji nyingi,
kikapita kama paka uani.
Hakuna aliyekihakiki. Nilipomuuliza alisema
kinyozi hajinyoi, akaniongezea supu.

Basi nimekisoma. Nikitembea; kwa sauti; kimya.
Ukurasa wa ishirini na mbili mama yake amestaafu,
amelala, na vidole viwili bado vinabana na kuachia,
vinanyofoa kitu kwenye shuka tupu.
Binti anakesha. Hamwamshi.
Anaisogeza shuka polepole
ili kazi iendelee.

Ukurasa wa arobaini sikuupenda.
Neno "milele" limo mara tatu,
na halikuhitajika hata mara moja.

Mhariri kasema safu ni ya Deolinda,
haiwezekani Deolinda awe ndani yake.
Kwa hiyo nimeandika hapa, nyuma ya bili ya umeme,
na kibano sina, nina kucha tu.
Napanda ngazi. Kwake kunanukia kitunguu,
bomba linatiririka, sahani inagonga sahani.
Hodi.